Barua ya wazi kwa wakubwa wa vitabu: watoto wanamtaka Mpemba, mimi nina Newton wa mtumba

Shikamooni wakubwa wangu,

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko, natype kwenye simu huku nahudumia wateja, kwahiyo mkiona sentensi imekatika njiani jueni kuna mtu kaleta cheti cha kuzaliwa anataka kopi tatu.

Mimi sio mwalimu wala mwandishi. Nina duka la steshenari hapa Mbagala, fotokopi, picha za pasipoti, madaftari, kuchapa barua za kuomba kazi, na pembeni nina meza ya vitabu vya mtumba ambavyo nanunua kwa kilo kwa jamaa mmoja anayevitoa kwenye marobota. Nawaandikia nyie wa wizara ya elimu, nyie wa mitaala, wa maktaba na nyie wachapishaji, wote kwa mpigo, maana nikimwandikia mmoja najua ataniambia hilo sio la kwake ni la ofisi ya jirani.

Ishu yenyewe hii hapa, vitabu vya watoto vya maisha ya watu wa kwetu. Mwaka huu watoto wa shule ya hapa nyuma walipewa kazi ya nyumbani, tafuta habari za mwanasayansi maarufu, andika ukurasa mmoja na uchore picha yake. Wamenijia kama nzige. Mimi kwenye meza nina vitabu vitatu tu vya namna hiyo, vyote Kiingereza, vyenye muhuri wa maktaba ya shule fulani huko ughaibuni iliyovitupa, Newton, Edison na Einstein. Basi nikawa natoa kopi. Nimeuza, siwezi kusema uongo, siku ile nimeuza karatasi mpaka wino ukaanza kufifia na Edison wa mwisho katoka kama mzimu. Darasa zima likawa na Newton nusu na Edison nusu, na Einstein wachache kwa sababu zile nywele zinachosha kuchora.

Jioni akaja binti mmoja wa darasa la tano. Akaamkia vizuri, akaangalia vile vitabu, akasema anti, huna wa kwetu?

Nikamwambia wa kwetu yupo, anaitwa Mpemba. Akauliza, wa Pemba? Nikacheka, nikamwambia hapana mwanangu, Mpemba ni jina lake tu. Kitabu chake sina, ila habari zake nazijua kwa sababu baba yangu alikuwa anapenda kuzisimulia. Umeme ulikuwa umekata, mashine imelala, nikamvutia stuli nikaanza.

Ilikuwa 1963, Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu Magamba sekondari, kule Lushoto. Vijana wa pale walikuwa wananunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanayaacha yapoe ndo wanayaweka kwenye friji yawe aiskrimu. Friji moja, wenye hamu wengi, ni kugombania kama siti ya daladala saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo Mpemba kabandika maziwa yake, mwenzake kumwona tu akajua huyu ataniwahi, akachanganya ya kwake na sukari hivyo hivyo bila kuchemsha akayamimina kwenye trei mbio. Imebaki trei moja. Mpemba akisubiri yapoe anakosa. Akaamua liwalo na liwe, friji likifa life, akayatia ya moto. Baada ya saa moja na nusu wamerudi wote wawili, ya Mpemba yameshakuwa aiskrimu na ya mwenzake bado uji.

Hapo binti akanikatiza. Mwenzake alinuna? Nikamwambia sijasikia, ila mimi ningenuna.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa wewe, hicho kitu hakiwezekani. Baadae yuko Tanga mjini likizo, rafiki yake anayetengeneza aiskrimu za kuuza akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto ndo zinawahi kuganda. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanatumia jambo ambalo darasani ni ujinga! Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, mwalimu wa huko akamwambia basi hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya ulimwengu. Ikawa ndo wimbo wa darasa, akikosea kidogo tu kwenye hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hakuacha. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua vyombo viwili, kimoja maji ya bomba kimoja maji ya moto, akatumbukiza kwenye friji mwenyewe kimya kimya.

Siku akaja Dr Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar, kawapa mhadhara, ukafika muda wa maswali. Mpemba kasimama. Ukichukua maji ujazo sawa, haya nyuzi 35 na haya nyuzi 100, ukayaweka kwenye friji, ya 100 yanaganda kwanza, kwanini? Osborne akatabasamu, akamwambia rudia swali, akauliza umefanya mwenyewe? Akajibu ndio. Mzungu akasema jibu silijui, ila nikirudi Dar nitajaribu. Wenzake wakamsema kweli kweli kwamba kawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne kafika Dar akampa fundi wa maabara afanye lile jaribio, na fundi akaleta ripoti kwamba ni kweli, ya moto yameganda kwanza, ila mzee usijali tutarudia rudia mpaka tupate jibu sahihi! Hapo mimi huwa nacheka kila nikifika, na yule binti alicheka mpaka akashika kaunta.

1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia la huko Uingereza, wakati huo Mpemba mwenyewe yuko chuo cha wanyamapori Mweka, Moshi. Na mpaka leo ukienda chuo chochote duniani ukitaja athari ya Mpemba wanakuelewa. Tena bado wanabishana. 2016 kuna wanasayansi wa Uingereza waliorudia vipimo wakasema wao hawaioni hiyo athari. Na hilo nilimwambia pia, sikumficha, maana ndo utamu wenyewe, kwamba swali la kijana aliyeogopa kukosa trei ya aiskrimu bado linawaumiza kichwa maprofesa.

Binti akakaa kimya kidogo akaniuliza, anti, yule mwalimu aliyesema haiwezekani alijisikiaje alivyosikia?

Wakubwa wangu, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na sikuwahi kuuliza swali zuri kama hilo.

Akaenda kuandika. Kesho kutwa kaja kanyongea, kapewa maksi pungufu, kwenye daftari kumeandikwa umetoa wapi? Wenzake wa Newton wamepata kwa sababu walibandika kopi yenye picha, inaonekana imetoka kwenye kitabu. Yeye katoa kwa anti wa fotokopi. Simlaumu yule mwalimu, ana darasa la watoto wangapi sijui na kitabu cha kuhakikishia hana, angejuaje kama mtoto hajatunga? Ukimwambia mtu kwamba maji ya moto yanaganda kabla ya baridi, na huna kitabu mkononi, hata mimi ningekupa maksi pungufu. Yaani mtoto wa Mbagala kamwandika Mpemba na yaliyomkuta Mpemba yakamkuta yeye, miaka 60 baadae. Ndo nikasema hapana, hii naiandikia barua.

Sasa msinielewe vibaya, sina ugomvi na Newton. Ugomvi wangu na Newton wa mtumba ni kwamba ni muongo. Kile kitabu nilichokuwa natoa kopi kina picha ya tufaa linamdondokea kichwani pwaa na nyota nyota zinamzunguka, afu ukurasa unaofuata kashagundua mvutano. Hakuna tufaa lililompiga kichwani. Newton mwenyewe akiwa mzee alimsimulia rafiki yake, William Stukeley, kwamba aliona tufaa linaanguka bustanini akawa anawaza mbona linaanguka wima, haliendi pembeni. Basi. Alikuwa kijijini kwao Woolsthorpe kipindi kile cha tauni, 1665 na 1666, chuo kimefungwa kama sisi tulivyofungiwa shule enzi za korona. Na kitabu chake kikubwa cha mambo hayo kimetoka 1687! Miaka 20 na ushee. Hiyo miaka 20 ndo mtoto anatakiwa aijue, maana mtoto akiamini kwamba akili inadondoka kutoka juu ya mti, akikaa na hesabu nusu saa isipotoka anasema mimi sina akili.

Einstein naye wanamwambia mtoto eti alifeli hesabu shuleni. Hakufeli hesabu, alikuwa anazila kama karanga. Alichofeli ni mtihani wa kuingia chuo cha Zurich 1895, alijaribu akiwa na miaka 16 tu, hesabu na fizikia alifanya vizuri, yale masomo mengine ndo yakamwangusha. Sasa hiyo si nzuri zaidi? Mtoto wa kidato cha nne anayesubiri matokeo angeshika hiyo.

Na huu mchezo wa kuwadanganya watoto kwa nia njema ni wa zamani. Kuna mchungaji mmoja wa Marekani, Mason Weems, aliandika maisha ya George Washington, rais wao wa kwanza, na kwenye toleo la 1806 akatia kile kisa cha Washington mdogo kukata mcheri wa baba yake afu akakiri kwamba hawezi kusema uongo. Hakuna ushahidi wowote kwamba kilitokea. Yaani kisa cha kufundisha watoto wasiseme uongo kimetungwa! Kimekaririshwa vizazi na vizazi. Mimi nikikuta kwenye robota kitabu chenye hicho kisa nakiweka upande wa hadithi, pamoja na sungura na fisi.

Turudi kwetu, maana huko kuna wenyewe. Wa kwetu hawadanganywi watoto, wa kwetu wanakaushwa. Fungueni kitabu chochote cha watoto chenye watu maarufu wa hapa mtakuta alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, akawa mtu fulani, akafariki, maswali moja mpaka tano. Hiyo ni taarifa ya msiba bana. Hata kwenye msiba wasifu ukisomwa huwa kuna mtu anasimama baadae anaeleza marehemu alivyokuwa anapenda utani, na hapo ndo watu wanalia.

Chukueni Siti binti Saad. Huyu bahati nzuri Shaaban Robert aliandika wasifu wake, tena kitabu kizuri, lakini ni cha watu wazima, Kiswahili kile cha kina, mpe mtoto wa darasa la nne atakurudishia na chenji. Sasa mtoto wa kisasa anamjua Siti kama jina la mwimbaji wa taarab wa zamani. Hajui kwamba alizaliwa Fumba, Unguja, wazazi masikini wa asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hajui kwamba alikuwa anatembeza vyungu anauza, ananadi kwa sauti, na watu wakaijua ile sauti kabla hawajamjua mwenyewe. Hakujua kusoma wala kuandika, nyimbo alikuwa anazishika kichwani. Akahamia mjini 1911, akafundishwa muziki, na mwaka 1928 akapanda meli na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri, na santuri zikauzwa pwani yote hii. Kuna waliomkejeli kwa nyimbo, kwamba katoka shamba na kaniki zake na bila hiyo sauti angekula nini, na sura pia wakamsema. Akawajibu kwa wimbo! Hebu niambieni mtoto gani wa sa hivi asiyejua maana ya kutukanwa sura yake mbele za watu na kujibu. Hiyo ndo habari ya kumpa msichana wa miaka kumi na simu ya mama yake mkononi.

Lakini najua kwanini haiandikwi. Tunaona aibu na lile jina. Niliwahi kumwonyesha mama mmoja, mteja wangu, nilichoandika, akaniambia hapo pa Mtumwa toa, watoto watauliza maswali. Sasa dada yangu, si ndo tunataka waulize?

Na Bibi Titi Mohamed je. Maktaba Kuu ya Taifa pale mjini, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, iko barabara ya Bibi Titi. Konda anaitaja barabara hiyo kila siku, watoto wanapita juu ya jina lake na begi mgongoni. Huyu alikuwa mwimbaji wa ngoma hapa hapa Dar, na miaka ya hamsini alivyoombwa kuwaingiza wanawake TANU hakwenda na hotuba za vitabu, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, maana ndo walikokuwa wanawake na ndo walikokuwa wanamjua. Wakaja maelfu. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Afu? Kwenye vitabu vya watoto anaishia hapo, kama daladala iliyokatisha ruti. Afu alikosa ubunge 1965. Afu 1967 hakukubaliana na lile sharti la Azimio la Arusha la viongozi kutopangisha nyumba, akajiuzulu. Afu 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatolewa 1972 kwa msamaha, akakaa kimya miaka mingi, afu taifa likamkumbuka tena, akafariki mwaka 2000 na barabara ina jina lake. Mnasema watoto hawataelewa. Jamani, hawa watoto wana wajomba waliofungwa, wana baba aliyegombana na mwenyekiti wa mtaa, wanaelewa vizuri sana kwamba watu wawili wanaopenda nchi moja wanaweza kugombana na mmoja akaumia. Wasichoelewa ni mtu asiye na doa. Huyo hawajawahi kumwona.

Mwalimu Nyerere mwenyewe mnamfanya hivyo hivyo, picha ya ukutani. Mwambieni mtoto alianza shule na miaka 12 hivi, kachelewa, meno kachongwa kama desturi ya kwao, na alikuwa anapenda bao. Alivyokuwa rais akakaa anatafsiri Shakespeare, eti baada ya kazi za urais! Mtoto akisikia hilo anaona mtu kakaa mezani usiku na kamusi.

Kuna wengine nikianza hapa sitamaliza na kuna foleni. Edward Saidi Tingatinga, katoka Tunduru, anachora kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vibao, kachora miaka minne hivi tu kabla polisi hawajampiga risasi 1972 wakidhani ni mwizi anayekimbia, na leo kila duka la watalii lina chui wake. Upande wa Kenya kuna Kamoya Kimeu, huyu ndo aliyeona kipande cha fuvu 1984 kule Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, wakachimba wakapata mifupa ya mtoto aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, karibu mwili mzima. Vitabu vya watoto vinataja akina Leakey, wale watafiti wa mifupa ya kale aliokuwa anafanya nao kazi, Kamoya anakuwa msaidizi. Jicho lililoona ni la nani? Na Wangari Maathai, yule mama wa kupanda miti, Nobel ya amani 2004, ana vitabu vya picha vya watoto kibao huko Marekani, kimoja jina lake ni la Kiswahili kabisa halafu ukikifungua ndani Kiingereza kitupu. Nilikipata mara moja kwenye robota. Nilikaa nacho wiki nzima kabla ya kukiuza, nilikuwa naangalia ile michoro najisikia kama mtu anayekuta nguo ya mama yake inauzwa mnadani.

Na ambao wako hai nao wapo. Nina mteja mdogo ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu, kila mwezi mama yake ananipitia kutoa kopi za karatasi za hospitali. Siku moja nikamwambia kuna mama mmoja wa hapa hapa Tanzania, Profesa Julie Makani, miaka yote anafanya utafiti wa huo ugonjwa wako pale Muhimbili, mpaka mwaka 2011 chama kikubwa cha wanasayansi cha Uingereza kikampa tuzo. Mtoto akaniuliza ananijua? Nikasema anajua damu yako kuliko wewe. Sasa anataka kitabu chake. Nimwambie nini?

Mkitaka kutafsiri wa nje pia tafsirini, ila chagueni kwa akili. Marie Curie kwa mfano, yule mwanasayansi mwanamke wa Poland. Kila mtu anasema Nobel mbili, 1903 na 1911, sawa, lakini mtoto wa Mbagala atamwelewa kwa jambo jingine kabisa. Kwao Warsaw wanawake walikuwa hawaruhusiwi chuo kikuu, wakawa wanasoma kwa kujificha, nyumba hii leo na ile kesho. Yeye na dada yake Bronya wakawekeana ahadi, mdogo afanye kazi ya kulea na kufundisha watoto wa matajiri ampeleke dada hela akasome udaktari Paris, dada akimaliza ampokee mdogo. Si mchezo huo? Upatu kabisa, upatu wa elimu, leo wako kesho wangu! Na ikawa hivyo. Kila nyumba ya hapa mtaani ina dada anayefanya kazi za ndani ili mdogo wake asome. Afu mwisho mwambieni mtoto na ukweli, kwamba ile miale aliyokuwa anaifanyia utafiti ndo inaaminika ilimuua 1934, na madaftari yake mpaka leo yanahifadhiwa kwenye maboksi ya risasi maana bado yanatoa miale. Risasi ile madini, sio ya bunduki, muandike vizuri, msije mkamtisha mtoto bure.

Sasa ombi, maana barua bila ombi ni malalamiko.

Sihitaji kitabu kikubwa cha jalada gumu cha kuzindulia na mgeni rasmi. Nataka kijitabu kurasa 24, kimepigwa stepla katikati, herufi kubwa, michoro ya wino mweusi, mtu mmoja kwa kijitabu kimoja, bei ambayo mtoto akikusanya hela ya mihogo ya wiki moja anakinunua mwenyewe. Mimi naujua mfuko wa mtoto kuliko nyie, samahani lakini ndo ukweli. Rangi ndo inayoua bei. Toeni rangi, acheni mchoraji mzuri. Na mchoraji mlipeni, mwandishi mlipeni kabla, sio kumwambia utapata jina. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeleta watu wengi kuandika, basi tengenezeni na kipengele cha wasifu wa watoto, na sharti liwe kwamba kila kilichomo kimehakikishwa, mtu akitaka kutunga aende kwenye hadithi. Mwandishi akifika mahali hapajulikani aruke, asijaze tufaa.

Kingine, wazee. Waliosoma na Mpemba Magamba, waliocheza ngoma na Bibi Titi, waliokaa na Tingatinga anachora chini ya mti, wamebaki wachache na kila mwaka wanapungua. Mna watu mnawalipa posho kwenda semina, wapeni rekoda hao, waende Lushoto, waende Tunduru, wakae na mzee nusu siku wamuulize aiskrimu ilikuwa na ladha gani. Maana mtoto atauliza. Yule binti aliniuliza.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili mmelileta, vizuri. Lakini maadili hayaingii kwa mtoto kwa kuambiwa alikuwa mzalendo, mchapakazi, mwadilifu, hayo yakifuatana matatu mtoto kashalala. Mwonyesheni anachemsha maziwa.

Mimi wakati nawasubiri nimefanya la kwangu. Nimechukua kauntabuku, nikaandika habari ya Mpemba yote kwa mkono, kurasa 14, kijana wa hapa anayeandika mabango ya saluni kanichorea friji na trei na yule fundi wa maabara amekuna kichwa. Ukurasa wa mwisho nimeandika jarida, mwaka na majina ya walioandika humo, ili mwalimu akiuliza umetoa wapi mtoto awe na jibu. Kukisoma ni bure ukikaa kwenye benchi la hapa nje, kuondoka nacho hairuhusiwi, kilishawahi kuibiwa mara moja kikarudishwa na bibi wa mwizi.

Sa hivi kimechakaa, jalada limetoka na ukurasa wa friji unashikiliwa na selotepu. Mkitaka kukiona njooni, karibuni sana, ila mje asubuhi. Kuanzia saa nane watoto wanatoka shule na benchi linajaa.

Ni mimi,
Anti wa fotokopi, Mbagala